Jiwe limeziba mkojo wa mtoto: lini ni kukimbia, lini ni kungoja, na lini jiwe lenyewe linatolewa

Mimi ni nesi, wodi ya watoto, huku Kisumu, na nataka niandike hii mambo pole pole manake naona wazazi wa aina mbili na wote wanaumia. Wa kwanza anafika usiku na mtoto ana homa kali, tumbo limevimba, hajakojoa tangu asubuhi, afu akiambiwa leo hatutoi jiwe, tunaweka tu mrija mkojo upite, anakasirika anauliza kwani nimekuja kufanya nini. Wa pili aliambiwa mtoto ana kijiwe kidogo tu, maumivu yakaisha, wakaenda nyumbani wakakaa, wanarudi baada ya miezi na figo moja imekufa kimya kimya.

Hao wote wamekosa kuelezwa kitu kimoja: kufungua njia ya mkojo ni kazi moja, kutoa jiwe ni kazi ingine, na kila kazi iko na saa yake. Wakati mwingine zinafanyika pamoja siku moja, wakati mwingine ukizilazimisha pamoja unaweza kumpoteza mtoto. Watu wa Nyando wanajua maji ya mafuriko yakiingia kwa nyumba unachimba kwanza kamtaro yatoke, mambo ya kurekebisha ukuta ni baadaye.

Jiwe likiziba kunatokea nini

Mkojo unatengenezwa kwa figo, unashuka kwa mrija mwembamba unaitwa ureta, unaingia kibofu, afu unatoka nje. Jiwe linaweza kukwama pale figo inapoungana na ureta, katikati ya ureta, pale ureta inaingia kibofu (hapo ndo pembamba kabisa), au kwa njia ya nje, hasa kwa wavulana. Likikwama mkojo unarudi nyuma na figo inafura, daktari ataandika haidronefrosisi. Presha ikikaa juu siku nyingi ile nyama ya figo inayochuja damu inaanza kufa. Ikiwa imezibwa kabisa, baada ya wiki 2 hivi kuna sehemu haitarudi vile ilikuwa, na ikifika wiki 6 kinachorudi ni kidogo sana.

Na hapa naomba usome mara mbili. Mtoto mwenye figo mbili akizibwa moja ataendelea kukojoa vizuri, manake ile ingine inafanya kazi ya zote. Kritinini yake (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi) inaweza kuwa sawa kabisa. Maumivu pia yanaweza kuisha, si kwa sababu jiwe limetoka, ni kwa sababu figo imechoka na presha imeshuka yenyewe. Kwa hivyo "anakojoa" na "hasikii uchungu tena" hazikuambii kama njia imefunguka. Ultrasaundi ndo inakuambia.

Hatua ya 1: nyumbani, kujua kama ni ya usiku huu

Mtoto mkubwa ataonyesha ubavu, atasema uchungu unakuja unaenda, unashuka mpaka kwa nyonga au korodani, anajikunja, anatapika. Mdogo hasemi, analia bila kunyamazika, anakataa titi, nepi inakaa kavu. Mvulana mwenye jiwe la kibofu anavuta uume wake akikojoa au akimaliza, mkojo unakatika katikati afu unarudi akibadilisha vile amesimama, na watu wanafikiri ni tabia mbaya wanamchapa. Tafadhali msimchape, mpelekeni akapigwe ultrasaundi. Mkojo wa damu pia sio kila mara kichocho, usimpe tu dawa ya minyoo ukasema basi.

Usingoje asubuhi kama kuna mojawapo ya hizi: homa pamoja na uchungu wa ubavu au mkojo kupungua, hajakojoa kwa masaa 8 hivi kama ni mdogo, 12 kama ni mkubwa, anatapika kila kitu, amelegea au uso umevimba, au ni mtoto unajua alizaliwa na figo moja, ama moja ilishatolewa. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na homa yoyote ile ni hospitali, hakuna mjadala.

Sasa sisi wa huku kwa ziwa tuko na shida yetu, kila homa ni malaria. Mtoto anatolewa damu ya kidole, kipimo kinasoma malaria, anapewa dawa anarudishwa nyumbani. Hicho kipimo cha kidole kinaweza kusoma ndio hata wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, na hata kama malaria iko kweli, haizuii figo iliyozibwa kuoza upande ule mwingine. Ukiona homa na mkojo haueleweki, omba mkojo upimwe pia, omba kwa heshima lakini omba.

Kwa uchungu mpe paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofen ni nzuri sana kwa uchungu wa mawe na daktari anaweza kuziandika, lakini wewe usizianze nyumbani kabla kritinini haijajulikana, manake mtoto aliyekauka maji au mwenye figo imezibwa zinaweza kumalizia kazi. Dawa za mizizi za "kuyeyusha mawe" weka kando kabisa. Na usimlazimishe lita za maji, njia ikiwa imefungwa maji mengi yanaongeza presha na kutapika. Maji ni ya baadaye, nitafika hapo.

Hatua ya 2: hospitali ya kwanza

Hata kama unajua mtaishia kutumwa mbele, hospitali ya karibu inaweza kufanya vitu vya maana sana. Mkojo uchukuliwe kabla ya antibayotiki, upelekwe kuoteshwa maabara ionekane kama kuna vijidudu, na uwe mkojo msafi wa katikati au wa katheta (mrija wa kuingizwa kwa kibofu), ule wa mfuko wa kubandika unachanganyika na uchafu wa ngozi unadanganya. Damu ichukuliwe hemogramu, kritinini na potasiamu. Afu ultrasaundi ya figo zote mbili na kibofu kikiwa kimejaa kidogo. Sio figo moja. Zote.

Kwa kritinini angalia vizuri kitu nimeona kinapita watu. Fomu nyingi za maabara zimeandikwa kiwango cha mtu mzima. Mtoto wa miaka 2 kawaida yake ni kama 20 mpaka 40 (mikromoli kwa lita), kwa hivyo akisoma 85 maabara haiweki alama yoyote na mtu anasema figo ziko poa, kumbe kwa huyo mtoto hiyo ni mara mbili au zaidi ya inavyotakiwa. Uliza "hii ni sawa kwa umri wake?" hilo swali halimuudhi mtu.

Potasiamu ikipita 6 moyo uko hatarini na hapo hata thieta inangoja kidogo, anapewa dawa ya kulinda moyo, insulini na sukari, mvuke wa salbutamol, ikikataa kushuka ni dayalisisi. Mzazi anaona kama wanazembea, lakini kumlaza mtoto na dawa ya usingizi potasiamu ikiwa hivyo moyo unaweza kusimama.

Eksirei ya kawaida inakosa mawe mengine, ya asidi ya yuriki kwa mfano hayaonekani. CT skani inaona karibu yote na haihitaji dawa ya kudungwa kwa mshipa, lakini ni mionzi, kwa mtoto tunaanza na ultrasaundi na CT inakuja tu kama ultrasaundi haijajibu swali, na iwe ya dozi ndogo.

Kama kibofu kimejaa na hakuna kinachotoka, huenda jiwe limekwama kwa njia ya nje. Katheta ikijaribiwa ikakataa isilazimishwe, inachana njia na kovu lake linaweza kumsumbua mtoto maisha yake yote. Mkojo unaweza kutolewa kwa sindano juu ya kinena, afu jiwe lisukumwe nyuma kwa kibofu au livunjwe hapo hapo mtu akiangalia kwa kamera thieta.

Kabla hujatoka hapo hakikisha una majibu ya haya manne, yaandike kwa simu: kuna maambukizi au hakuna, figo gani imezibwa na ile ingine ikoje, kritinini na potasiamu ni ngapi na zilitolewa saa ngapi, na jiwe ni milimita ngapi liko wapi. Hayo manne ndo yanaamua saa.

Hatua ya 3: saa yenyewe

*Ya masaa.* Mkojo umezibwa na kuna maambukizi. Hii ndo mbaya kuliko zote, ni usaha umefungiwa ndani na presha inausukuma uingie kwa damu. Antibayotiki ya mshipa isingoje chochote, kama mtoto ameingia shoki ni ndani ya saa 1, kama hajaingia shoki lakini damu imeshaanza kuchafuka ni ndani ya masaa 3. Lakini antibayotiki peke yake haitoshi, dawa haifiki vizuri kwa figo ambayo mkojo hautembei, kwa hivyo njia lazima ifunguliwe siku hiyo hiyo, usiku huo huo, mara tu mtoto ametulizwa. Kufungua, sio kuvunja jiwe. Ukiingiza kamera na maji ya presha na leza kwa figo iliyojaa usaha unasukuma vijidudu moja kwa moja kwa damu na mtoto anaweza kuanguka hapo mezani. Ndo maana daktari anayekataa kutoa jiwe usiku huo anakusaidia, mzazi mwenzangu, hajakataa kazi.

Kwa kundi hili hili la masaa weka pia mtoto ambaye hana homa lakini figo zote mbili zimezibwa, au ako na figo moja tu na hiyo ndo imezibwa, au hakojoi kabisa, au kritinini inapanda kila ikipimwa.

*Ya siku.* Hakuna maambukizi, figo ya pili ni nzima, lakini uchungu haushikiki na dawa au anatapika hawezi kushikilia chochote. Huyo asikae wodini wiki nzima akidungwa tu sindano za uchungu, ndani ya siku moja mbili aingie. Na huyu, kama mkojo ni msafi na kuna mtaalamu na vifaa, anaweza kutolewa jiwe papo hapo kwa mara moja, hakuna haja ya kufanya mara mbili.

*Ya wiki.* Hakuna homa, uchungu umeshikika, kritinini ni sawa kwa umri wake, jiwe ni dogo. Hapa kungoja ni matibabu, mradi ni kungoja kwa mpangilio. Mawe ya chini ya milimita 5 mengi yanashuka yenyewe, hasa yale yameshafika chini karibu na kibofu, na yale ya milimita 3 au chini ndo nafasi ni nzuri zaidi. Daktari anaweza kuongeza tamsulosini kulegeza ureta. Kungoja kwa mpangilio maana yake ni hivi: ultrasaundi kila wiki moja au mbili, mkojo uchujwe kwa kitambaa safi kila akikojoa ili jiwe likitoka lionekane, na kuwe na tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho ni wiki 4, ikivutwa sana 6. Ikifika na jiwe liko pale pale, linatolewa hata kama mtoto anacheza mpira. Na homa ikiingia siku yoyote katikati, saa imebadilika, mmerudi kwa ya masaa.

Jiwe la zaidi ya milimita 5 au 6 limekwama kwa ureta na figo imefura, nafasi ya kushuka ni ndogo, hapo usikubali kupewa tarehe ya miezi 4 mbele ukaenda nyumbani umeshukuru. Uliza kama kuna nafasi karibu zaidi, ikikosekana kabisa uliza kama stenti (kamrija laini ka ndani, nitakaeleza hatua ya 4) inaweza kuwekwa kwanza figo ipumue mkingoja.

Kuna mawe mawili yanafaa kutajwa peke yake kwa sababu saa yao ni tofauti. Moja ni la dawa ya ceftriaxone, ile sindano watoto wetu wanadungwa kwa kila kitu. Kwa watoto wengine, hasa dozi kubwa na mwili umekauka maji, inashikana na kalsiamu inafanya mchanga na vijiwe laini, na kuna wachache wanazibwa pande zote mbili mpaka hawakojoi. Uzuri wake ni kwamba ukisimamisha dawa na maji ya mshipa yakiwa sawa mara nyingi vinayeyuka vyenyewe, na vikigoma mrija wa muda unatosha, hakuna haja ya kukimbilia leza. Kwa hivyo kama mtoto amemaliza sindano hizo siku chache zilizopita, sema hiyo kitu mapema. La pili ni la asidi ya yuriki, linayeyushwa kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo kama potasiamu sitreti, lakini hiyo potasiamu haipewi mtoto ambaye figo hazijaamka. Mwaka 2008 kule China watoto wachanga karibu 300,000 waliumwa na maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, na wengine walizibwa figo zote mbili. Hao wengi walitibiwa kwa maji, dawa ya kubadilisha asidi ya mkojo na mirija, bila kupasuliwa.

Hatua ya 4: mrija gani

Kuna njia mbili za kufungua. Stenti ya JJ ni kamrija laini kanapitishwa kwa kamera kupitia njia ya mkojo, kichwa kimoja kinajikunja kwa figo kingine kwa kibofu, hakuonekani nje. Inataka dawa ya usingizi na kamera ndogo ya mtoto. Nefrostomi ni mrija unaingia kwa mgongo moja kwa moja kwa figo, mtu akiongozwa na ultrasaundi, mkojo unaingia kwa mfuko nje. Wazazi wanaogopa ya pili kwa sababu inaonekana, lakini kwa mtoto mgonjwa sana au kwa ureta ambayo jiwe limekaba hakuna kinachopita, inaweza kuwa ndo ya haraka na salama. Zote mbili zinafungua. Ile iko tayari kwa mikono inayoijua usiku huo ndo nzuri, usibishane sana hapo. Mkojo unaotoka kwa figo iliyofunguliwa uchukuliwe uoteshwe tena, manake ule wa kibofu unaweza kuwa msafi na wa juu umejaa usaha.

Njia ikifunguka mtoto anaweza kukojoa kama bomba, mwingi kupita kiasi, siku moja mbili. Hii inafurahisha kila mtu na ndo wakati wa hatari, manake anatoka na chumvi na maji anakauka haraka. Mkojo upimwe kila saa, uandikwe, dripu ifuate, potasiamu na sodiamu zirudiwe. Mama saidia hapo, wodi ikiwa na watoto wengi na manesi wawili, daftari lako la kuandika mililita ni msaada mkubwa sana kwetu.

Hatua ya 5: kutumwa mbele, na pesa

Sio kila hospitali ya kaunti ina kamera nyembamba ya mtoto, leza na mtu wa usingizi aliyezoea watoto. Kwa sisi wa Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Vihiga watu wanaanzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ile wazee wanaita Russia, na kutoka hapo wengine wanapandishwa Eldoret kwa Moi ambapo pia kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Nakuru mko katikati, kuna hospitali kubwa ya kaunti, na mkitumwa mnaweza kwenda Eldoret au Nairobi, barabara ni karibu urefu sawa. Kabla gari halijaondoka daktari apige simu aulize maswali matatu ya wazi: kuna mtaalamu wa yurolojia au upasuaji wa watoto leo, kuna kamera ya mtoto inayofanya kazi leo, kuna kitanda. Mara nyingi jibu la kweli ni "nefrostomi tunaweza leo, leza ni wiki ijayo," na hilo ni jibu zuri kwa mtoto wa saa ya masaa, mchukue.

Mtoto asitoke bila dozi ya kwanza ya antibayotiki, dripu inatembea, na barua yenye yale majibu manne. Picha za CT bebeni kwa CD, sio ripoti peke yake. Matatu sio ya mtoto mwenye homa na figo imezibwa, ulizia ambulansi.

Pesa sasa. Bima ya afya ya serikali ya zamani, NHIF, iliisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, na mtoto lazima awe ameandikwa chini yako, kama bado fanya hiyo leo mtoto akiwa mzima, tafuta cheti cha kuzaliwa mapema. Operesheni iliyopangwa inaombewa kibali kabla, kwa hivyo siku ukipewa tarehe pitia ofisi ya SHA ya hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi ya thieta. Lakini ikiwa ni emajensi Katiba yetu kifungu cha 43(2) kinasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na ukikisema kwa utulivu watu wanasikiliza.

Hatua ya 6: kurudi kutoa jiwe

Yule wa maambukizi anarudi lini? Homa imeisha kabisa, dozi ya antibayotiki imekamilika, mkojo ulioteshwa uko msafi, kritinini imetulia. Mara nyingi ni wiki 2, mpaka 4. Muda huo haupotei bure, stenti ikikaa ndani ureta ya mtoto inatanuka yenyewe, na kamera ambayo ingekwama siku ya kwanza inapita bila kuchubua kitu.

Njia inategemea jiwe. La kwa ureta ni kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na leza, hakuna kukatwa. La ndani ya figo chini ya sentimita 2 linaweza kupigwa na mawimbi kutoka nje au kamera inayopinda. Likizidi sentimita 2 ni katundu kadogo mgongoni. Jiwe kubwa la kwa kibofu, kwa mvulana mdogo, mara nyingi linatolewa kwa katundu juu ya kinena, manake kupitisha vyuma mara nyingi kwa njia yake nyembamba kunaacha kovu. Na operesheni ya wazi sio aibu, mahali leza haipo na jiwe ni kubwa, daktari anayeijua vizuri akilitoa mara moja mtoto anapona.

Wiki moja kabla mkojo uoteshwe tena. Ukiwa na vijidudu anatibiwa kwanza, tarehe isogezwe. Mafua na kifua siku hiyo pia sema, mtu wa usingizi ataamua. Chakula kinasimama masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4 au vile mtaambiwa, maji matupu kawaida yanaruhusiwa mpaka karibu zaidi, uliza saa kamili.

Na huku kwetu kuna kitu kikubwa zaidi, selimundu, sikoseli. Kama mtoto anayo au hajawahi kupimwa na kuna mtu wa familia anayo, sema kabla, rudia siku ya thieta. Mtoto wa sikoseli hakai na njaa na kiu masaa mengi, anawekwa dripu, anafunikwa asipate baridi, anaingia wa kwanza kwa orodha. Sikoseli yenyewe pia inaleta mkojo wa damu, kwa hivyo hata utambuzi unabadilika.

Daktari akitoka akisema "ureta ilikuwa nyembamba, tumeweka stenti, mrudi baada ya wiki mbili tatu" huyo hajashindwa. Kwa watoto hiyo inatokea mara nyingi tu. Anayelazimisha ndo anachana ureta, na kurekebisha ureta iliyochanika ni operesheni kubwa kuliko jiwe.

Hatua ya 7: stenti lazima itoke

Naandika hii nikiwa nimekaza macho. Stenti sio ya kukaa. Ikipita miezi 3 chumvi za mkojo zinaishikilia, inakuwa jiwe refu kutoka figo mpaka kibofu, na kuitoa inaweza kutaka operesheni mbili tatu. Kwa sababu haionekani na mtoto amepona, watu wanasahau, wanahamia mashambani, simu zinabadilika. Andika tarehe ya kutoa kwa kitabu cha kliniki, kwa simu yako, kwa simu ya baba, mwambie nyanya pia. Kwa mtoto inatolewa kwa usingizi kidogo kupitia kamera, isipokuwa ile imeachwa na uzi nje. Ikiwa ndani atakojoa kojoa sana, damu kidogo, ubavu ukimuuma akikojoa, hiyo ni kawaida. Homa sio kawaida, homa na stenti ndani ni kurudi siku hiyo hiyo.

Wiki 4 mpaka 6 baada ya stenti kutoka, ultrasaundi. Hata kama mtoto yuko sawa kabisa. Ureta inaweza kuwa imebana pale jiwe lilikuwa na figo inafura tena bila uchungu, na hii ndo kipimo wazazi wanaruka kuliko vyote.

Hatua ya 8: limetoka wapi

Mtoto kupata jiwe sio kitu cha kawaida cha kupuuza, na wengi hupata lingine. Vipande vya jiwe vibebwe kwa chupa kavu vipelekwe maabara inayochambua. Mkojo upimwe kalsiamu, oksaleti, sitreti, sistini, asidi ya yuriki, ukisubiri mtoto awe amepona na anakula kawaida. Kama kuna ndugu zake wana mawe, au wazazi ni wa ukoo mmoja, mwambie daktari, kuna magonjwa ya kuzaliwa nayo. Jiwe la maambukizi lisipotolewa lote hadi mchanga wa mwisho litaota tena.

Chakula: usimnyime omena wala mala wala maziwa. Watu wanasikia jiwe ni la kalsiamu wanakata maziwa, na hiyo inaharibu zaidi, manake kalsiamu ya chakula inashikana na oksaleti tumboni inatoka kwa choo. Punguza chumvi, krisps na soda. Spinachi na terere zina oksaleti nyingi, sukuma wiki haina shida. Mawe ya kibofu kwa watoto wadogo yanaonekana zaidi pale chakula ni uji na ugali tupu bila maziwa, mayai au samaki, kwa hivyo hata kidogo cha samaki kwa sahani kinasaidia.

Maji ndo makubwa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu lita 1 na nusu kwa siku, na kwa joto la Kisumu zaidi. Mkojo uwe mweupe kama maji. Wengi hawanywi wala hawakojoi shuleni kwa sababu choo ni kichafu au mwalimu hamruhusu kutoka darasani, kwa hivyo mpe chupa yake, na uende mwenyewe uongee na mwalimu wa darasa, ukibeba barua ya daktari.